Skrini nyeusi ya simu: Ni nafuu ya macho au ni mtindo tu?

Huenda simu iliyo mkononi mwako imegeuka rangi siku hizi. Pale palipokuwa peupe kama karatasi sasa ni peusi tititi, na maandishi yaliyokuwa meusi yamekuwa meupe. Pengine uliigeuza wewe mwenyewe, au ni kijana wako aliyekuambia kwamba rangi hiyo huokoa macho na kuifanya betri idumu kutwa nzima.

Hali hii ya giza, kama wengi wanavyoiita, ilienea sana mwaka wa 2019 wakati Android 10 na iOS 13 zilipotoka zikiwa nayo. WhatsApp ilifuata mwezi wa Machi 2020. Leo programu nyingi za simu humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua.

Lakini je, uchague ipi? Swali hili si dogo katika nyumba ambamo mtoto anadurusu masomo kwenye simu hadi usiku, baba anasoma ujumbe akiwa ndani ya matatu na nyanya anatuma pesa kwa simu hiyo hiyo. Macho ni yale yale mawili, na hayana vipuri.

Kwanza ufahamu kwamba jambo hili si geni. Waliotumia kompyuta katika miaka ya 1980 watakumbuka maandishi ya kijani yaliyong'aa juu ya skrini nyeusi. Wataalamu wa kampuni ya Xerox huko Marekani walikuwa wameanza kuiacha njia hiyo mapema. Kompyuta yao ya Alto, iliyotengenezwa mwaka wa 1973, ilionyesha maandishi meusi juu ya weupe ili skrini ifanane na karatasi. Kwa hivyo hali ya giza ni mgeni aliyerudi.

<b>Betri</b>

Tuanze na lile linalowavutia wengi, yaani betri. Hapa ukweli unategemea aina ya skrini uliyo nayo.

Skrini za aina ya OLED, ambazo pia huitwa AMOLED, zimeundwa kwa vitone vidogo vidogo mno, na kila kitone hutoa mwanga wake chenyewe. Panapotakiwa weusi, kitone huzimwa, nacho kitone kilichozimwa hakili moto wa betri. Skrini za LCD ni kinyume cha hayo. Nyuma yake kuna taa inayowaka wakati wote, hata ukurasa ukiwa mweusi. Ni kama kufunika dirisha kwa pazia jeusi ilhali jua bado linawaka nje.

Simu nyingi za bei nafuu hutumia LCD. Ikiwa yako ni mojawapo, hali ya giza haitakuongezea betri kwa kiasi cha kutajika.

Utajuaje? Usiku, zima taa za chumba, kisha ufungue picha iliyo nyeusi kote. Ikiwa skrini inatoa mng'ao wa kijivu, hiyo ni LCD. Ikiwa imetoweka kabisa gizani, hiyo ni OLED.

Hata mwenye OLED asisherehekee mapema. Mwaka wa 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima programu 6 maarufu katika simu za OLED. Mwangaza ulipowekwa juu kabisa, hali ya giza iliokoa kati ya asilimia 39 na 47 ya nguvu za betri kwa wastani. Lakini mwangaza ulipokuwa kati ya asilimia 30 na 50, walichookoa kilikuwa asilimia 3 hadi 9 pekee.

Somo ni kwamba anayetaka betri idumu aanze kwa kupunguza mwangaza. Hilo humfaa kila mtu, mwenye simu ghali na mwenye simu ya bei rahisi.

<b>Macho</b>

Sasa tuje kwenye macho. Umewahi kufinya macho ili usome maandishi ya matatu iliyo mbali? Unapofinya hivyo, nafasi ya kupitisha mwanga hupungua, na kile unachokitazama huonekana wazi zaidi.

Mboni ya jicho hufanya kazi mfano wa hiyo. Mbele ya ukurasa mweupe hujibana, na herufi zikaonekana kali. Mbele ya ukurasa mweusi hupanuka ili ipokee mwanga zaidi, na herufi huanza kupoteza makali yake.

Mwaka wa 2013, watafiti nchini Ujerumani waliwapima vijana na wazee kwa kazi ya kusoma na kutafuta makosa katika maandishi. Makundi yote mawili yalifanya vyema zaidi kwa maandishi meusi juu ya weupe.

Kuna wengine wanaotatizika zaidi. Hawa ni wale ambao kioo cha mbele cha jicho hakikujiviringa sawasawa, na kwa sababu hiyo huona vitu kama vimevutwa upande. Wengi wao husema kwamba herufi nyeupe juu ya weusi huwatapakaa kama taa za gari wakati wa mvua. Ikiwa mtoto wako analalamika hivyo, usimlaumu kwa uvivu. Mrudishie ukurasa mweupe, kisha umpeleke akapimwe macho.

Hata hivyo, wapo ambao hali ya giza kwao ni neema. Mwaka wa 1985, Gordon Legge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba watu wenye ukungu ndani ya jicho, kama vile wenye mtoto wa jicho, husoma vyema zaidi maandishi meupe juu ya weusi. Sababu ni kwamba mwanga mwingi wa ukurasa mweupe hutawanyika katika ukungu huo na kuwaziba. Kwa hivyo nyanya akisema skrini nyeupe "inamchoma", msikilize. Mgeuzie rangi na umkuzie herufi, lakini usiache kumpeleka hospitalini, kwa maana mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji.

<b>Usingizi</b>

Wanafunzi wengi huamini kwamba skrini ikiwa nyeusi wanaweza kusoma hadi usiku wa manane bila madhara. Hapo pana hatari. Ni kweli kwamba katika chumba chenye giza, ukurasa mweusi haukumuliki usoni kama tochi, wala hautamwamsha ndugu mnayelala chumba kimoja. Hiyo ni faida ya haki.

Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba waliosoma kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala walichukua takriban dakika 10 zaidi kupata usingizi kuliko waliosoma kitabu cha karatasi. Hali ya giza hupunguza mwanga huo. Haipunguzi video za kuchekesha wala mabishano ya kundi la darasa. Kinachomnyima kijana usingizi mara nyingi ni kile anachokitazama.

Isitoshe, wataalamu wa macho husema uchovu mwingi wa macho hutokana na kukodolea skrini bila kupepesa. Ushauri wao ni kwamba kila baada ya dakika 20, utazame kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Dawa hiyo haina gharama.

<b>Mitego</b>

Kuna pia mitego ya matumizi ya kila siku. Mchana, penye jua kali, skrini nyeusi hugeuka kioo cha kujitazamia. Ukiwa kituoni unatuma pesa, utaona uso wako kuliko nambari unayoiandika. Rudi kwenye weupe, ongeza mwangaza, na usome jina la mpokeaji kabla ya kuingiza nambari ya siri.

Programu nyingine nazo zimegeuzwa rangi ovyo. Utakuta maandishi ya kijivu juu ya weusi, au mchoro wa hesabu wa mistari myeusi uliomezwa na ukurasa. Kanuni za W3C, shirika linalosimamia viwango vya intaneti, zinataka tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Programu ikikufinyisha macho, kosa ni la walioiunda.

Je, ufanyeje? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mchana, na kwa masomo marefu, shikilia ukurasa mweupe wenye mwangaza wa wastani. Usiku katika chumba cha giza, tumia mweusi. Simu nyingi hubadilisha zenyewe: ingia kwenye mipangilio ya skrini na uchague igeuke jua linapotua, ambalo kwetu Nairobi ni karibu saa kumi na mbili na nusu jioni.

Jumapili ya leo, fanyeni jaribio nyumbani. Kila mmoja asome ukurasa mmoja katika rangi nyeupe na mwingine katika rangi nyeusi, kwa herufi za ukubwa ule ule, kisha aseme ni upi ulimchosha. Msishangae majibu yakitofautiana, na asiwepo wa kumlazimisha mwenzake. Mwacheni kila mmoja na rangi inayomwezesha kusoma.