Wapeleke watoto Rusinga wakamjue Mboya

Hebu muulize mwanao Tom Mboya ni nani. Huenda akakujibu kwamba ni barabara ya Nairobi yenye matatu nyingi. Basi likizo ijayo, badala ya kumrudisha Fort Jesus, mpeleke Rusinga.

Safari si ngumu. Ukifika Mbita unavuka daraja, nawe umo kisiwani. Kaburi liko Kasawanga, nyumbani kwa wazee wake, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Watoto hulitambua umbo hilo upesi, kisha maswali huanza.

Usiyakwepe. Waeleze kwamba Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipigwa risasi mchana wa Julai 5, 1969, akitoka duka la dawa jijini Nairobi. Alikuwa na miaka 38 tu. Nahashon Njenga alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo. Mtoto akiuliza ni nani aliyemtuma, mwambie ukweli: hata babu yake amekuwa akiuliza hivyo hivyo tangu siku hiyo.

Lakini msiishie kwenye risasi. Huyu alianza kama mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi, akaongoza vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1959 akafanikisha safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani kusoma. Hapo ndipo mtoto wa shule husikiliza kweli kweli.

Bebeni maji na kofia. Jua la ziwani halina huruma.