Motakaa ya Zamani Ikipungukiwa Nguvu

Motakaa za Land Rover zilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na hata leo zile za zamani zingali zikifanya kazi vijijini, zikipeleka mazao sokoni na wagonjwa hospitalini. Motakaa ya namna hiyo ikianza kutetemeka na kushindwa na mlima, wengi hukimbilia kununua kabureta au koili mpya. Fedha huisha, na ugonjwa hubaki pale pale. Kwa hiyo twaona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu njia ya kuutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Jambo la kwanza ni kujua: je, ni silinda moja iliyokosa moto, au ni zote nne zilizodhoofika? Motakaa ikiwa imesimama na breki imefungwa, acheni injini ingurume pole pole. Kisha shikeni waya wa plagi moja kwa koleo lenye mipini ya mpira, mkauondoe, msikilize, mkaurudishe. Msiushike kwa mkono mtupu, maana umeme wake ni mkali; wala pasiwe na petroli ivujayo, kwani cheche moja yatosha kuleta msiba. Sauti ya injini ikipungua, silinda ile ilikuwa nzima. Isipobadilika, hiyo ndiyo mgonjwa. Ondoeni waya mmoja mmoja tu, nyaya zisichanganyike, kwa kuwa moto wa injini hiyo hufuata zamu ya silinda 1, 3, 4, kisha 2.

Mkiisha kuipata, zimeni injini, ipoe, mkabadilishe plagi yake na ya jirani. Ubovu ukihama pamoja na plagi, plagi imekufa. Usipohama, tazameni waya, na kifuniko cha distributa kama kina ufa. Hivyo vikiwa vizima, huenda valvu imeungua, nayo ni kazi ya fundi. Rangi ya plagi nayo hutoa habari: kahawia hafifu ni afya, masizi makavu ni petroli kuzidi hewa, mafuta mabichi ni dalili ya ringi za pistoni kuchakaa.

Kama silinda zote zadhoofika, fungueni distributa, mtazame vile vidomo viwili vigusanavyo na kuachana. Nafasi kati yao iwe kama milimita 0.4, ikipungua, cheche hufifia. Kisha safisheni chujio la petroli na la hewa, ambalo huziba upesi kwa vumbi la kiangazi. Ikiwa nguvu hurudi baada ya kulegeza kifuniko cha tangi, tundu lake la hewa limeziba. Mwisho guseni magurudumu kwa uangalifu: likiwapo lililo moto kupita mengine, kosa ni la breki, si la injini.

Rekebisheni jambo moja, mjaribu motakaa, ndipo mshike la pili. Abadilishaye vitu vitano kwa siku moja hatajua ni kipi kilichomponya mgonjwa wake.