Mbogi Yangu Imefika Oslo

Cheki hii, msee wangu. Ramani ya wasee wanasoma stori zangu imewaka Doha. Imewaka Minneapolis. Oslo pia. Maze, Oslo! Naandikia keja ya Umoja, bando ya finje iko karibu kukata, na kuna msee huko kwa barafu anajua smokie pasua ya Mutindwa inakuwanga aje. Hiyo raha hainunuliwi, na Kanairo hii karibu kila kitu ni ya kulipa.

Wa Doha ni soja. Saa zao na zetu ni moja, so nikitupa stori usiku, yeye ndio anaingia lindo. Aliniambia anasoma polepole makusudi, ndio isiishe mapema. Mimi hapo niliruka juu ya kitanda. Wa Minneapolis ni manzi amezaliwa huko, mathe yake alikulia Eastleigh. Anamsomea kwa sauti, mathe anacheka mpaka chai inamwagika.

Na bado kuna buda wa ploti yetu anasema Sheng haiwezi vuka Donholm. Eti niandike "lugha ya kueleweka" ndio majuu wanisome. Buda, wewe tulia na redio yako.

Aibu kubwa saa hii ni kutweng' kwa maandishi. Msee wa Kayole anaeleza ugali mistari mitatu, kama hajawahi ikula. Zii! Majuu Kingereza wanayo ya kutosha, kwako wanafuata mtaa. Kama 2010, bendi ya Just A Band walitoa video ya ngoma yao Ha-He: Makmende, staring wetu wa mtaa, amevaa kizamani kama filamu za miaka ya 70, anagonga wahuni hapa Nairobi. Hawakupunguza chumvi ndio wageni waelewe. CNN ikaandika, Wall Street Journal ikaandika.

Sasa huyu wa Oslo ni mzungu kabisa. Kiswahili alisomea, Sheng anaokota kwangu. Juzi ameuliza nganya ni nini. Nikamwandikia moja nzima, ya Buru 58: graffiti kila mahali, mahewa inagonga kifua, makanga amening'inia mlangoni, fare imefika soo juu mvua imenyesha kidogo tu.

Amejibu: "Lakini za Rongai si ndio kali?"

Rongai! Mi sikuwa nimemtajia Rongai. Huyo ni wetu, na hiyo ubishi tunaimaliza leo usiku.