Daftari la kompyuta likiharibika kimya kimya, utajuaje?

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba akitaka kujua kama daftari lake lina kosa, hatazami jalada. Anajumlisha upya kila ukurasa, kisha anaangalia kama jumla hiyo ndiyo iliyohamishiwa ukurasa unaofuata. Zisipolingana, kosa liko hapo.

Programu za simu unazotumia nazo zina daftari. Waandishi wake huhifadhi kila badiliko ili wakikosea waweze kurudi nyuma. Daftari linalotumika zaidi ni Git, lililoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila kinachowekwa humo hupewa muhuri, kwa kawaida wa herufi na tarakimu 40, unaokokotolewa kutokana na maandishi yenyewe. Herufi moja ikibadilika, muhuri haulingani tena. Na kila badiliko hubeba muhuri wa lile lililotangulia.

Umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa, au diski ikichoka, sehemu inaweza kuharibika na kazi ikaendelea kama kawaida. Ndiyo maana ipo amri ya ukaguzi, git fsck. Hukokotoa mihuri upya na kutaja kilichoharibika na kinachokosekana. Hicho huchukuliwa kutoka kwenye nakala nzima ya mwenzako.

Je, kama nakala zote zimeharibika? Machi 2013, mradi wa programu huria uitwao KDE ulikaribia kupoteza hifadhi zake zipatazo 1,500. Seva kuu ilizimwa kwa matengenezo, na ilipowashwa mafaili yalikuwa yameharibika. Seva nyingine zilikuwa zimepangwa kuifuata moja kwa moja, hivyo nazo zikafuta. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa bado haijafuata.

Nasi tunaotunza hesabu za kikundi kwenye simu tuko katika hatari hiyo hiyo. Nakala inayojinakili yenyewe hubeba na kosa. Kila mwezi, weka nakala nyingine pembeni, kwenye kadi ya kumbukumbu au simu ya katibu. Ifungue, linganisha jumla na daftari la karatasi, ndipo ufute ya zamani.