Nzi Asiye Nzi: Istilahi za Uvuvi wa Unyoya Katika Mafungu ya Pwani

Miongoni mwa miswada iliyoletwa kwetu ikaguliwe lugha ilikuwamo rasimu ya mapatano baina ya kijiji kimoja cha pwani ya kusini na mwenye nyumba ya wageni. Rasimu hiyo, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ilisema kwamba "katika eneo la tambarare hautaruhusiwa uvuvi wowote isipokuwa uvuvi wa nzi". Wanakijiji walikwisha kusomewa barazani, wala hawakuwa na kinyongo. Tambarare waliyoifahamu wao ni wangwa, yaani ile ardhi ya chumvi iliyo nyuma ya mikoko, isiyoota kitu wala kuvuliwa samaki. Na akitokea mgeni atakaye kwenda huko kuvua nzi, shauri lake. Kumbe mwandishi wa Kiingereza alikusudia mafungu yaliyo mbele ya kijiji, ambako wanawake huokota kome na kutafuta pweza kila maji yakipwa. Walikuwa karibu kunyimwa riziki kwa ridhaa yao wenyewe.

Kwa kuwa sikuwa nimewahi kuuona uvuvi huo, niliomba kufuatana na mgeni mmoja na mzee mvuvi aliyemwongoza. Tulitoka siku za bamvua, maji yalipokuwa yameanza kujaa. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya namna hiyo, na nakiri kwamba mara ya kwanza niliposhika ufito nilivua kofia yangu mwenyewe.

Yafaa tuanze na huyo nzi. Jina hilo lina historia yake huko lilikotoka. Aelian, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2 na ya 3, aliwaeleza Wamakedonia waliokuwa wakifunga sufu nyekundu na manyoya juu ya ndoana ili kumwiga mdudu aliaye na samaki wa mtoni. Na kitabu kilichochapwa Uingereza mwaka 1496 kinataja vidude 12 vya namna hiyo. Uvuvi huo ulifika Kenya pamoja na samaki trauti, walioletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 wakatiwa katika mto Gura. Huko mtoni kumwita nzi kuna maana, kwa sababu kweli anaigwa mdudu. Baharini haigwi mdudu yeyote. Kinachoigwa ni uduvi, kaa mdogo au dagaa, na kitu chenyewe ni manyoya ya ndege, nywele za mkia wa mnyama na nyuzi za nailoni zilizofungwa kwenye ndoana. Kwa hiyo napendekeza istilahi ya unyoya, kwa kuwa inataja kitu kinachoonekana mkononi.

Hata hivyo kosa la rasimu halikuwa katika nzi peke yake. Tusemapo uvuvi wa pweza twataja kinachovuliwa. Tusemapo uvuvi wa nyavu twataja chombo. Kiunganishi ni kile kile, na msikilizaji huamua maana kwa kujua mambo ya dunia. Pale asipoyajua, kama katika habari hii, hapana budi kuandika kuvua kwa unyoya, hasa katika hati za sheria.

Tofauti ya uvuvi huu na ule wa mshipi tuuzoeao iko katika uzito. Mvuvi wetu hutegemea chubwi: chubwi huruka, mshipi ukafuata. Unyoya ni mwepesi mno, hauwezi kuvuta chochote. Uzito umetiwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene na hupigwa nyuma na mbele hewani kwa ufito wenye urefu wa kadiri ya mita 2.7, hadi unyooke na kuupeleka unyoya mbele. Mzee aliyeniongoza aliyaona haya kwa mtazamo mmoja tu akaniambia, "Mwanangu, huyu hatupi ndoana, anatupa mshipi." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Ule uzi mwembamba usioonekana, unaounga mshipi na unyoya, mfasiri aliuita kiongozi. Bali sidhani kwamba mtumishi yeyote wa serikali angependa kusoma kwamba kiongozi afungwe fundo na kutupwa majini. Kiungio chatosha.

Mahali pengine hapakuhitajiwa istilahi mpya. Rasimu ilisema "mti mrefu wa kusukumia mashua", ilhali neno pondo lipo. Ilisema "vipindi vya maji mengi na machache", ilhali tunayo bamvua na maji mafu, na tofauti yake ni kubwa, kwani siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kuhusu mahali penyewe, wavuvi hutenga fungu, ambalo ni la mchanga, na kipwa, ambacho ni mwamba au fungu litokezalo maji yakipwa; na wangwa ni kitu kingine kabisa. Tambarare haimo.

Samaki wapandao fungu pamoja na maji ni wengi: kolekole, mwatiko, mkizi. Yule atafutwaye sana na wageni, ambaye huinamisha pua mchangani na kuchomoza mkia juu ya maji, rasimu ilimwita samaki mfupa, jina lisilomtenga na samaki yeyote mwenye miiba. Katika maandishi rasmi litumike jina la jamii yake ya kisayansi, albula.

Likabaki jambo la kumrudisha samaki. Mgeni alipata kolekole mdogo, akamshika ndani ya maji mpaka akapiga mkia mwenyewe akaenda zake. Rasimu ilisema samaki wote "watatupwa baharini". Nilimwuliza mzee kama neno lafaa. "Hutupwa takataka," alijibu. "Huyu kaachiwa." Tofauti hii si ya adabu tu: kwa neno kutupwa, hata aliyemrudisha samaki mfu angekuwa ametimiza sharti. Kwa hiyo tumeandika: "Samaki aliyevuliwa kwa unyoya ataachiwa majini akiwa hai."

Rasimu iliposomwa tena barazani, ikiwa na neno fungu mahali pa tambarare, wanawake walisimama wa kwanza. Wakaeleza kwamba wao huwa funguni maji yakiwa yamekupwa, na wageni huwataka samaki maji yanapojaa. Basi pana haja gani ya kuandika marufuku? Kifungu hicho kimeondolewa, na mahali pake zimeandikwa zamu mbili, ya maji kupwa na ya maji kujaa. Mwenye nyumba ya wageni bado hajatia sahihi.