Ujenzi Kukamilika Si Huduma Kuwa Tayari: Somo Kutoka Lifti ya Viti ya Milimani

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mara nyingi mwananchi hupita mbele ya jengo lililopakwa rangi, daraja lililosimama au mtambo wa maji uliofungwa bomba zote, akajiuliza: kama kazi imekwisha, kwa nini hapafunguliwi? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mradi wa umma hujengwa kwa fedha za wananchi. Makala hii inalijibu kwa mfano wa mtambo ambao wengi wetu hatujapata kuupanda, lakini unaoeleza jambo hili kwa uwazi mkubwa: lifti ya viti inayopandisha watu mlimani kwa kebo.

Mtambo huo ni upi?

Lifti ya viti ni kebo nene ya chuma iliyosukwa na kuunganishwa ncha zake, inayozunguka kati ya magurudumu mawili makubwa, moja chini ya mlima na jingine juu. Katikati yake husimama nguzo zenye magurudumu madogo yanayoibeba kebo. Viti huning'inia kwenye kebo hiyo, na abiria hukaa mtambo ukiwa katika mwendo. Pale ambapo badala ya viti kuna vyumba vilivyofungwa, mtambo huitwa gari la kebo.

Katika nchi za baridi, watu hupanda lifti hiyo hadi juu, kisha hushuka wakiteleza kwenye theluji. Msimu wa theluji ni wa miezi michache, na kila siku ambayo lifti haifanyi kazi ni mapato yaliyopotea. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti tunaelewa maana ya msimu: nyumbu wanapovuka Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, wageni huja kwa wingi, na asiyekuwa tayari hupitwa. Kwa hiyo shinikizo la kufungua mapema ni kubwa, na hapo ndipo penye hatari.

Mtambo uliotokana na ndizi

Lifti ya kwanza ya viti kwa ajili ya wateleza theluji ilianza kazi mwaka 1936 huko Sun Valley, katika jimbo la Idaho nchini Marekani. Aliyeibuni, Jim Curran, alikuwa mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini, ambapo mikungu ilining'inizwa kwenye kulabu zilizokuwa zikizunguka. Alichofanya ni kuondoa kulabu na kuweka viti. Kwetu Tarime, tunaolima na kuuza ndizi, wazo hilo halina ugeni.

Hata hivyo, mtu si mkungu wa ndizi. Wahandisi walihitaji kujua kiti kiende kwa mwendo gani ili kimchukue mtu aliyesimama bila kumwangusha. Walilifanyia jambo hilo majaribio huko Omaha, mji usio na milima, wakati wa kiangazi. Walifunga kiti ubavuni mwa gari, wakaliendesha kuelekea kwa watu waliosimama wakisubiri, kwanza juu ya majani makavu yaliyopakwa mafuta, kisha watu hao wakiwa wamevaa viatu vya magurudumu juu ya sakafu ya saruji. Majaribio hayo ndiyo yaliyotoa mwendo uliofaa, kabla abiria hata mmoja hajapandishwa mlimani.

Kwetu Tanzania

Usafiri wa kebo si jambo geni kabisa nchini. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilijengwa njia ya kebo katika Milima ya Usambara ya kuteremsha mbao kutoka Shume hadi Mkumbara, karibu na reli ya Tanga. Ilikuwa ya mizigo. Mwaka 2019 Serikali ilieleza kuwa inatafakari kuweka gari la kebo katika Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Mjadala ulifuata: wapo waliotazama wageni ambao hawawezi kupanda kwa miguu, na wapo waliohofia ajira za wapagazi na waongozaji. Katika mjadala wa namna hiyo, suala la usalama nalo lina nafasi yake: mtambo hupimwaje kabla ya kubeba watu?

Hatua kabla ya abiria wa kwanza

Hatua ya kwanza ni misingi. Zege la msingi wa kila nguzo huachwa likomae, na kwa desturi ya wahandisi nguvu yake hupimwa siku 28 baada ya kumiminwa. Baada ya nguzo kusimama, kebo huvutwa, ncha zake huunganishwa kwa kusukwa na mafundi maalumu, kisha hukazwa kwa kipimo.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kebo inakaa mahali pake. Magurudumu ya kila nguzo hunyooshwa katika mstari mmoja, na kila nguzo huwekewa kifaa kinachosimamisha mtambo papo hapo kebo ikitoka kwenye njia yake. Mafundi huvichokoza vifaa hivyo kimoja kimoja kwa makusudi, ili waone kama mtambo utasimama kweli.

Hatua ya tatu ni jaribio la uzito. Hakuna mtu anayepakiwa. Viti hubebeshwa mapipa ya maji au mifuko ya mchanga. Tuchukue mfano wa lifti yenye viti 50 upande wa kupanda, kila kiti cha watu wanne, na kila mtu akadiriwe kilo 80. Huo ni uzito wa kilo 16,000, sawa na magunia 160 ya mahindi ya kilo 100. Mtambo ukiwa umejaa hivyo, umeme hukatwa. Breki ya kawaida hujaribiwa, kisha breki ya dharura, kisha kizuizi kinachouzuia mtambo kurudi nyuma. Breki inayofanya kazi viti vikiwa vitupu haijathibitisha lolote.

Hatua ya nne ni uokoaji. Injini ya akiba huwashwa ili kuona kama inaweza kuwafikisha abiria kituoni umeme unapokosekana. Nayo ikishindwa, waokoaji hupanda nguzo na kuwashusha watu kwa kamba, mmoja baada ya mwingine. Zoezi hilo hufanywa kabla ya msimu.

Mwisho hufuata mafunzo ya waendeshaji, ukaguzi wa mamlaka isiyo na faida katika tiketi zitakazouzwa, na kibali cha maandishi. Hata baada ya kibali, kila asubuhi mtambo huzungushwa na kukaguliwa kabla ya abiria kuruhusiwa. Hapa nchini, ukaguzi wa mitambo ya kunyanyulia mahali pa kazi ni miongoni mwa majukumu ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA.

Gharama ya kuruka hatua

Tarehe 23 Mei 2021, gari la kebo katika mlima Mottarone, kaskazini mwa Italia, lilikaribia kituo cha juu likiwa na abiria 15. Kebo ya kuvuta ilikatika. Breki ya dharura, iliyowekwa kwa ajili ya tukio kama hilo, haikushika. Gari lilirudi nyuma kwa kasi na kuanguka. Watu 14 walifariki, na mtoto mmoja pekee ndiye aliyenusurika.

Uchunguzi ulionyesha kuwa breki hiyo ilikuwa imezuiwa kwa vibano vya chuma. Mtambo ulikuwa na hitilafu iliyosababisha breki kujifunga mara kwa mara na kukatisha safari. Huduma ilikuwa imerejea wiki chache tu kabla, baada ya kufungwa kwa sababu ya janga la korona. Badala ya kusimamisha safari na kutafuta chanzo cha hitilafu, breki ndiyo iliyonyamazishwa.

Tunachojifunza Nyanungu

Kata yetu haina lifti ya viti, lakini ina miradi. Kisima kinachosimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, huhitaji kupimwa wingi na usalama wa maji kabla ndoo ya kwanza haijajazwa. Kalavati au daraja la Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, huhitaji zege lake likomae kabla lori halijapita. Zahanati yenye kuta na paa bado si huduma, hadi iwe na watumishi, dawa na vifaa. Katika kila mfano, jicho huona kazi iliyokwisha ilhali upimaji bado.

Hata hivyo, upimaji usiwe kisingizio. Subira isiyo na maelezo wala tarehe si uangalifu. Inaweza kuwa uzembe uliovaa koti la usalama. Ndiyo maana wananchi wanahimizwa kuuliza mambo yafuatayo katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika walau kila miezi mitatu:

1. Ni kipimo gani hakijafanyika, na kitafanyika lini?
2. Nani amepima au atapima, na je, ni mtu asiye mkandarasi mwenyewe?
3. Taarifa ya matokeo iko wapi, na mwananchi anaweza kuisoma?
4. Nani amefunzwa kuendesha mradi, na hitilafu ikitokea ataitwa nani?
5. Kipindi cha matazamio cha mkandarasi kinaisha lini, ili kasoro zirekebishwe kwa gharama yake?

Majibu ya maswali hayo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kiongozi mwenye jibu hatalikwepa swali, na asiye nalo atalazimika kulitafuta. Vilevile, mwananchi anayeona kufuli imevunjwa, alama ya tahadhari imeondolewa au mtambo unatumika kabla ya kukabidhiwa, atoe taarifa mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtendaji wa Kata. Breki ya Mottarone ilizuiwa kwa mikono ya watu, na tahadhari za miradi yetu nazo zitalindwa na watu.