MAELEZO KWA WAFANYABIASHARA: KUHAMISHA SEVA YA OFISINI KWENDA KWENYE HUDUMA YA WINGU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wa wahenga haujachakaa. Kilichobadilika ni daftari lenyewe. Katika maduka ya jumla ya Mbeya, maghala ya mchele wa Kyela na Mbarali, na biashara za mbao za Mafinga mkoani Iringa, hesabu za madeni, shehena na mishahara aghalabu huwekwa ndani ya kompyuta moja iitwayo seva, ambayo kompyuta nyingine za ofisi huchota taarifa kutoka kwake. Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba wanaoagiza bidhaa kutoka mikoa hiyo nao wanahusika, kwani hesabu zao zimo humo.

Wenye biashara wanajuulishwa kwamba huduma ya wingu si kitu kilichoko angani. Ni kukodi sehemu ya kompyuta za kampuni nyingine, zilizowekwa katika kituo chenye umeme wa akiba, vipoza hewa na ulinzi, na kuzifikia kwa njia ya intaneti. Vituo hivyo vipo Dar es Salaam, na vipo pia nje ya nchi. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua chake Cape Town mwaka 2020.

Sababu kubwa ya kuhama ni umeme. Wakaazi wa Unguja wanaikumbuka miezi mitatu ya kiza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Huko Nyanda za Juu Kusini, umeme ukikatika ghafla au radi ikipiga wakati seva inaandika, hesabu nzima yaweza kuharibika. Wizi na moto navyo havichagui, na seva ikiwa moja, hasara ni moja.

Hata hivyo, anayehamia kwenye wingu haondoi udhaifu wote. Huacha kutegemea umeme wa ofisini, akaanza kutegemea njia ya mawasiliano. Mkongo wa Taifa unapita Iringa na Mbeya, lakini data zilizohifadhiwa ng'ambo hulazimika kupita pia katika mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Kwa mnasaba huo, mwenye biashara hana budi kuuliza data zake zitakaa nchi gani, kuwa na njia ya pili ya intaneti kutoka kampuni nyingine, na kubaki na nakala ya hesabu ofisini.

Hatua zinazoshauriwa ni hizi:

Kwanza, iandikwe orodha ya yote yaliyomo ndani ya seva. Baadhi ya programu za zamani zilitengenezwa kwa matumizi ya ndani ya ofisi tu, na haziwezi kuhamishwa bila kubadilishwa.

Pili, itolewe nakala ya akiba, kisha ifunguliwe katika kompyuta nyingine na kukaguliwa. Nakala isiyowahi kufunguliwa haihesabiwi kuwa nakala.

Tatu, upigwe hesabu muda wa kusafirisha data. Gigabaiti 100 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua saa 44 na zaidi, hata kama njia haikatiki. Ni vyema kazi hiyo ianze mwisho wa wiki.

Nne, hesabu za mwezi mmoja zifungwe kote kuwili, kwenye seva na kwenye wingu, na zilinganishwe. Zikishakubaliana, iwekwe siku maalumu ya kuacha kuandika katika seva ya zamani, ili pasiwe na madaftari mawili yanayopingana.

Tano, akaunti ya huduma iandikishwe kwa jina la biashara, na neno la siri kuu liwe mikononi mwa mwenye mali. Fundi apewe ruhusa ya kazi yake tu. Akaunti ikiwa kwa jina la fundi, siku atakapoondoka mwenye mali atabisha hodi mlangoni mwake mwenyewe.

Sheria nayo izingatiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Majina na namba za simu za wateja ni miongoni mwa taarifa hizo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Kwa hiyo diski ya seva ya zamani isifutwe kabla ya nakala kuthibitishwa, wala seva isiuzwe kabla ya diski kufutwa.

Mwisho, si kila duka lina haja ya kuhama. Gharama za wingu hulipwa kila mwezi, na bei nyingi hutajwa kwa dola. Mwenye kompyuta moja na wateja wachache aweza kutosheka na nakala ya kila wiki katika diski ya nje, ikiwekwa katika nyumba nyingine. Lililo la lazima kwa wote ni kwamba daftari lisiwe moja, wala lisikae mahali pamoja.